Mpishi wa Meli na Maboga ya Kipupwe

Watu wa kichochoro chetu cha Likoni walimwita Mpishi. Mimi mbele yake nilimwita ami, lakini nikimkumbuka, jina linalonijia ni hilo la Mpishi, maana ndilo lililosikika kutwa: Mpishi kapita, Mpishi kasema, hebu muulizeni Mpishi. Alikuwa amepika miaka mingi katika meli za mizigo, akarudi nyumbani na visu vitano vilivyofungwa katika kitambaa, na miguu isiyojua kukaa.

Hilo la kutokaa si maneno ya kupamba. Alikula amesimama, sahani mkono wa kushoto, huku akichungulia dirishani kama mtu aliyeambiwa gari limekaribia. Akikuhadithia jambo, alitoka mlangoni pake mpaka kwenye nguzo ya stima, akageuka, akarudi, na ukitaka kujua mwisho wa hadithi ama umfuate ama umngoje. Wanawake waliosukana nywele barazani walizoea kuzisikia hadithi zake vipande vipande. Mmoja alisikia mwanzo, mwengine kati, na jioni wakaunganisha.

"Ami, keti basi upumzike," nilimwambia siku moja.

"Nikikaa nahisi sakafu haitikisiki, mwanangu. Nashikwa na wasiwasi."

Mkewe, mwanamke mfupi wa maneno machache, alikuwa akichagua mchele kando yetu. Hakuinua kichwa.

"Huyu yuwatembea hata usingizini," akasema. "Mguu mmoja umelala, mmoja wenda."

Mimi niliingia kichochoro kile bibi arusi. Mlango wangu ulitazamana na wao. Mume wangu alifanya kazi kwenye yadi ya makontena Changamwe, na kwa ajili ya foleni ya feri aliondoka kabla jua halijachomoza. Nilibaki na chumba kimoja, redio, na mikono isiyo na kazi. Mpishi alinipa jina la Bi Arusi siku ile ya kwanza, na hakuliacha hata mtoto wangu wa pili alipoanza kung'oka meno ya utotoni.

Masika yakishapita na kipupwe kuingia, shemeji zake walileta maboga kutoka shambani kwao Shika Adabu. Yalikuja na tuktuk, yamejaa hata mleta mzigo mwenyewe hana pa kuweka mguu. Yakapangwa chini ya kitanda, ukumbini, nyuma ya mlango. Sisi boga tulilijua kwa njia moja: ulikate, ulipike kwa tui zito, iliki na sukari, ulile wakati wa futari au siku uliyokosa mkate. Jirani zetu waliotoka Kaloleni walilichemsha tu wakalila na chai. Mpishi akitusikia tunasema tumechoka na boga, alikasirika kama ametukanwa yeye.

"Boga halina makosa," alisema. "Makosa ni ya anayelipika."

Basi kipupwe kizima alikuwa akijaribu. Alilichoma juu ya makaa na ganda lake mpaka likawa jeusi, akalipasua, akaponda nyama yake na tangawizi na kitunguu thomu, akakamulia ndimu, ikawa supu niliyoinywa bila kuamini kwamba ni lile boga la futari. Maua aliyachovya katika unga wa dengu akayakaanga kama bajia. Majani machanga aliyachambua nyuzi moja moja na kuyapika kwa tui na ng'onda, samaki mkavu. Mbegu aliziosha, akazianika juu ya uteo, akazikaanga kwa chumvi na pilipili ya unga, kisha akapita nazo barazani, kila mmoja akimtilia kiganjani. Maganda yalikwenda kwa mbuzi, na ole wako akuone umeyatupa jaani.

Si kila kitu kilifaulu. Achari ya boga aliyoifungia kwenye chupa ililipuka, na harufu yake tukakaa nayo siku tatu. Na kuna Idi moja alilitoboa boga kubwa juu, akalijaza wali na nyama ya kusaga, akalifunika kwa kifuniko chake lenyewe na kulipalia makaa juu na chini tangu asubuhi. Wakwe walipofika akalikata mbele yao, mvuke ukatoka, wali ukamwagika kwenye sinia umepata rangi ya dhahabu. Mkwewe mzee akalitazama kwa adabu, akala vipande viwili, akanawa. Kisha akauliza, "Na chakula ki wapi?"

Tulicheka mpaka machozi. Mpishi naye alicheka, lakini alitoka nje, akaenda mpaka kwenye nguzo ya stima na kurudi mara nyingi kuliko kawaida.

Alikuwa mtu wa kujipinga. Alihubiri dhidi ya kutupa chakula, kisha akamwaga sufuria nzima kwa sababu mtu alifunua kifuniko kabla ya wakati. Alisema meli ni jela, na hali mfuko wake wa safari ulisimama umefungwa nyuma ya mlango, na kila mwezi alizitoa nguo, akazifua, akazipiga pasi, akazirudisha mle mle. Aliwafundisha mapishi wanawake wa mtaa mzima, lakini jikoni kwake mkewe hakuruhusiwa kugusa mwiko. Na mkewe, wallahi, alipika vizuri kumshinda. Niliwahi kuula wali wake siku Mpishi alipokwenda kuzika Kisauni, nikamwambia hivyo.

"Usimwambie," akanijibu. "Alikaa huko miaka, mimi niko hapa na jiko langu. Sasa karudi, jiko kalichukua yeye. Mimi ameniachia vyombo."

Alisema hivyo bila uchungu, au mimi sikuusikia.

Kwangu mimi Mpishi alileta mahamri. Alfajiri moja, baada ya swala, aligonga mlango na bakuli la boga lililopondwa. "Bi Arusi, una unga? Una hamira? Basi toka." Akanisimamisha mbele ya sinia, akanionyesha jinsi ya kukandia unga kwa boga na tui badala ya maji, na iliki iliyotwangwa papo hapo. Yeye alikuwa nyuma yangu, huku na huku, akihesabu pumzi zangu.

"Kanda! Usimfikirie mumeo, utakanda polepole. Mfikirie mtu aliyekukosea."

Yalitoka yamefura, ndani manjano, na mpaka magharibi yalikuwa laini. Mwezi haukwisha nikawa nakaanga barazani kila asubuhi, na watu wa mitaa mingine wanapanga foleni. Kwa mara ya kwanza tangu niolewe nilikuwa na kazi yangu mwenyewe. Hilo nilipewa na yeye.

Hadithi zake za bandari zilibadilika kila alipozisimulia. Papa aliyemwona leo mdogo, kesho mkubwa. Lakini moja haikubadilika hata neno. Alishikwa na homa katika bandari moja ya kaskazini, meli ikamwacha ikaenda zake, akalazwa katika nyumba ya mabaharia peke yake, hajui lugha. Ilikuwa majira ambayo miti ya huko hugeuka myekundu yote, kisha majani yanaanguka mpaka miti inabaki mitupu. Dirishani pake aliona ngazi za nyumba za watu, na juu ya kila ngazi boga limechongwa macho na meno, ndani yake mshumaa.

"Nikadhani homa imenipanda kichwani," alisema. "Kumbe ni mchezo wa watoto wao. Bibi mmoja mwenye nyumba akaniletea supu ya boga. Nilipoionja nililia, mwanangu. Nilidhani boga ni la kwetu peke yetu."

Akifika hapo, ndio wakati pekee ambapo miguu yake ilitulia.

Kipupwe kile ninachotaka kukisema, wajukuu wake wawili wa kike walikuja kutoka Mishomoroni kushinda naye. Wakati wa magharibi akalichukua boga moja, akalikomba ndani, akalichonga macho, pua na meno, akawasha mshumaa, akaliweka juu ya ukuta mdogo wa baraza. Wale watoto walipiga kelele za furaha. Na mimi nilitoka kutazama, nikacheka. Kisha mama yao akaja kuwachukua, watu wakaingia ndani, na boga likasahauliwa pale ukutani.

Chini kidogo ya kichochoro, pale kinapoteremka, alikaa jirani aliyeuza viazi vya karai. Mtoto wake mchanga alikuwa na homa siku ya pili, na usiku ule alishikwa na degedege. Asubuhi mama yule alipofungua mlango kuita msaada, boga lilikuwa kizingitini pake, limelala ubavu, mdomo umeungua mweusi na nta imeganda kwenye meno. Mpaka leo naamini ni mbuzi. Walikuwa wakipanda ukuta ule kila siku. Walilisukuma, nalo likabiringika mteremkoni mpaka likakomea pale. Lakini asubuhi ile hakuna aliyefikiria mbuzi.

Mama yule alipiga ukelele uliotutoa karibu sote majumbani. Nilikuwa na unga mikononi. Nilipofika watu walikuwa wameshazunguka, hakuna anayeligusa.

"Hili ni la nani?" mtu akauliza.

"Nani kaliweka hapa, na mtoto yu hali hii?"

Kijana mmoja mgeni, wa kutoka bara, akasema, "Hii kitu iko na mwenyewe. Si ajitokeze?"

Nami nikasema, "La Mpishi."

Nilitaka kuongeza kwamba alilichonga kuwachekesha wajukuu, kwamba nilimwona kwa macho yangu, kwamba nilicheka. Maneno hayo nilikuwa nayo. Lakini watu walishageuka kupanda juu, na ukweli ni kwamba sikuinua sauti. Nilifuata nyuma, nikijiambia nitasema tukifika.

Mpishi alitoka mlangoni na kisu mkononi, alikuwa akimenya vitunguu. Mtu mmoja alikuwa amelibeba boga kwa kipande cha gunia, akalitupa mbele yake.

"Ni lako?"

"Ah, hilo!" akasema akitabasamu. "Langu. Sikizeni, kule ughaibuni majira ya majani kuanguka..."

Akaanza kutembea. Ndivyo alivyosimulia, hakujua njia nyengine. Alikuja kwao hatua tano, kisu kingali mkononi, akarudi, akaja tena. Na kila alipowajia walirudi nyuma, na kila walipojikusanya tena walikuwa wengi zaidi.

"Simama hapo!" mtu akapiga kelele. "Mzee, simama!"

Hakusimama. Nadhani hakuweza. Nikaona mkono mmoja umeinama na kuokota jiwe, kisha mwengine. Katika pwani yetu wazee wameuawa wakidhaniwa wachawi kwa kidogo kuliko kile, na kila mtu pale alilijua hilo. Nami nilisimama nyuma yao, nikijipangusa unga mikononi.

Mkewe ndiye aliyetoka. Alikuwa amejifunga leso kiunoni, mikono ina povu la vyombo. Alikichukua kile kisu mkononi mwa mumewe kama mtu anayemnyang'anya mtoto kitu. Akaliokota boga, akaifuta nta kwa ncha ya leso, akakata kipande shavuni mwa ile sura, kibichi hivyo hivyo, akakitia mdomoni. Akatafuna. Boga bichi ni gumu. Tulisimama sote tukimngoja amalize, hata wenye mawe. Akameza.

"Nishalila," akasema. "Nitakaa hapa kibarazani mpaka adhuhuri. Nikifa, mfanyeni huyu mtakalo. Na yule mtoto mpelekeni hospitali, mwangoja nini?"

Akakaa. Mzee wa mtaa alikuwa amefika, akaita tuktuk, mama na mtoto wakapelekwa. Watu wakaondoka mmoja mmoja, wengine bado na mawe yao. Adhuhuri ilipoadhiniwa walikuwa wamebaki mkewe Mpishi kibarazani na mimi tu mlangoni pangu. Alinyanyuka, akakung'uta leso, akaingia ndani kumalizia vyombo. Mtoto alikuwa na malaria. Siku ya nne alirudi anacheka.

Hakuna aliyekuja kuomba radhi. Wanawake walihamia baraza nyengine kusukana. Mpishi akitoa salamu, watu walikumbuka simu zao. Watoto waliitwa ndani akipita. Mama wa viazi alikuwa akipita na mwanawe mgongoni, amemfunika leso mpaka kichwani, hata kwenye jua kali.

Mimi nilimwamkia kila asubuhi. "Shikamoo, ami." "Marahaba, Bi Arusi." Nilifanya hivyo kwa aibu zaidi kuliko kwa wema. Na wakati huo huo nililitoa boga katika mahamri yangu, kwa kuwa wateja walianza kuuliza limetoka kwa nani. Asubuhi moja alikuja, akachukua hamri moja, akalipasua. Lilikuwa jeupe ndani. Akalifunga tena kwa vidole, akalirudisha kwenye sinia taratibu, akaondoka.

Baada ya hapo akaanza kukaa. Alitoa kiti cha plastiki, akakiweka mlangoni, akakaa kutwa mikono magotini. Mtu ambaye miaka yote sikumwona ameketi! Kile kiti kilinitisha kuliko mawe. Mkewe alipika, alifua, alifagia kumzunguka. Vuli haijaanza wakahama kwenda kwa binti yao Mishomoroni. Niliwasaidia kubeba masufuria mpaka kwenye gari. Maneno yangu nilitembea nayo tangu nyumbani mpaka barabarani, na gari likaondoka sijayasema.

Boga nililirudisha katika mahamri baada ya miaka miwili, hamu ya wateja iliponilazimisha na habari zilipopoa. Wakiniuliza nani alinifundisha, nilisema, jirani mmoja. Usiku nililala, sisemi sikulala. Lakini mchana sikutulia. Nilikanda, nilifagia palipofagiwa, nilianza jambo nikaliacha kati. Mume wangu akaniuliza kama naumwa. Kipupwe kilichopita nikafunga dazeni mbili za mahamri, nikavuka feri, nikapanda gari la Kisauni mpaka Mishomoroni.

Nyumba ya binti yao ilikuwa ghorofa ya tatu. Mkewe alinifungulia, akanikumbatia, akaniuliza habari za watoto kwa majina. Mpishi alikuwa ukumbini, amekonda, ndevu nyeupe, anatembea kutoka mlango wa jikoni mpaka dirishani huku mkono mmoja ukishika ukuta. Nilifurahi nilipomwona yuko kwenye miguu yake.

"Shikamoo, ami."

"Marahaba, Bi Arusi! Umekuja na mvua au na jua?"

Mkewe akaenda kutengeneza chai. Nilimwacha Mpishi aende dirishani na kurudi mara mbili, nikaogopa nikingoja ya tatu sitasema tena.

"Ami, siku ile ya boga. Walipouliza ni la nani, mimi ndiye niliyesema. Na sikusema kitu kingine."

Akaendelea mpaka mlango wa jikoni, akageuka.

"Najua," akasema. "Dirisha langu lilikuwa wazi. Sauti yako naijua."

"Miaka yote hii? Mbona hukuniambia?"

"Ningekwambia, ungeona haya, ungeacha kuniamkia. Kichochoro kizima kilininyamazia, mwanangu. Salamu iliyobaki ilikuwa yako. Niliichukua asubuhi nikakaa nayo mpaka jioni. Ningeivunja kwa ajili gani?"

Nikalia. Yeye akanipita, akaenda dirishani, akanipa mgongo ili nilie nipendavyo.

Ndipo niliposikia vikombe. Mkewe alikuwa amesimama mlangoni na sinia ya chai, na sikujua amesimama kwa muda gani. Alimtazama mumewe kwanza.

"Ulikuwa wajua?"

Mpishi akaegemea dirisha.

Kisha mkewe akanitazama mimi. "Mimi lile boga nalisikia mdomoni hata leo," akasema. "Nilipokuwa nikitafuna nilikutazama wewe. Nikajiambia, wa pekee aliye upande wetu ni yule." Akaiweka sinia juu ya meza bila kumwaga hata tone, akaingia chumbani, akafunga mlango.

Chai sikuinywa. Nilimuaga Mpishi, nikasimama mbele ya mlango wa chumba. "Mama, nakwenda." Ndani kulikuwa na mtu, nilisikia kitanda. Nikangoja. Nikateremka ngazi zote tatu polepole, sikio langu likiwa juu.

Nimerudi mara tatu tangu siku hiyo. Mara ya kwanza na ya pili binti yao ndiye aliyenifungulia, na mama hakutoka chumbani. Mpishi aliniambia kwa sauti ya chini nisichoke. Mara ya tatu, wiki iliyopita, nilibisha hodi nikasikia nyayo nzito za mtu asiye na haraka. Alikuwa mama mwenyewe. Nilimwamkia, hakuitikia. Alinitazama usoni mpaka nikainamisha macho. Kisha akasogea kando, mgongo wake ukagusa ukuta, ili nipate kupita.